Orodha ya Wazazi wa Netiboli

Tangu Dawudi achukuliwe, Shamsia alikuwa hawezi tena kuhesabu watu. Jumamosi alasiri, mabinti wakiwa mazoezini katika kiwanja cha Naguru, alisimama pembeni na daftari lake kama kawaida, akahesabu wazazi waliokuja kusimamia. Tisa. Akarudia kuhakikisha, akapata kumi. Akaanza tena, safari hii kwa kidole, akitaja jina la kila mmoja kimoyomoyo, na alipofika mwisho alibaki na mtu mmoja asiye na jina, amesimama karibu na nguzo ya goli, mikono nyuma. Alipomkazia macho, hakuwapo. Binti yake Rehemah alikwisha kumwuliza mara mbili kwa nini anatoka jasho kivulini.

Shamsia hakuwa mtu wa mizuka. Babu zake walitoka pwani na misafara ya biashara wakakwama Kampala kwa kupenda hali ya hewa, baba yake alisomesha chuoni, na yeye mwenyewe alipiga taipu miaka tisa katika ofisi ya wakili mmoja wa Kihindi. Wahindi walipofukuzwa mwaka sabini na mbili, wakili aliondoka na sanduku moja la nguo akamwachia taipureta na faili la mifano ya hati. Shamsia alilitunza faili lile kuliko alivyotunza vyombo vya harusi yake. Aliamini, na ndivyo alivyofundishwa, kwamba jambo lililoandikwa vizuri halimdhuru mtu.

Na wazazi wale walihitaji kukingwa. Ilikuwa kamati ya kujitolea tu, haina ofisi wala mshahara. Mabinti wa mtaa walicheza netiboli. Akina mama walishona sketi na kupika uji. Mzee Fadhul, Mnubi mwenye lori, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, aliwapeleka Jinja au Entebbe kwa mechi. Mwezi wa sita mwaka sabini na sita mtoto mmoja alianguka akavunjika mkono. Mjomba wake alikuwa sajenti. Alikuja kiwanjani na bastola kiunoni akauliza nani aliyempa mtoto huyu ruhusa ya kucheza. Mzee Fadhul, kwa ungwana wake wote, akajibu kwamba mtoto alijipa mwenyewe. Ungwana huo ulimlaza mahabusu siku tatu.

Alipotoka aliitisha kikao nyumbani kwake. Alikuwa amekonda shingo.

"Mimi sitaki tena kuulizwa swali sina jibu yake," alisema. "Mama Rehemah, wewe unajua sheria. Tuokoe."

Sheria hakuijua hivyo, alijua karatasi. Lakini nani hukataa akiambiwa anajua? Ndani ya wiki mbili Shamsia aliipanga kamati ikapangika. Hakuna mtoto atakayepanda lori bila fomu ya ridhaa ya mzazi. Hakuna mtu mzima atakayesafiri na mabinti akiwa peke yake. Ni wawili au hakuna safari. Leseni ya dereva itazamwe na breki zijaribiwe. Kila jeraha, hata la kuchubuka goti, liandikwe siku hiyo hiyo na shahidi atie sahihi. Na kwa kuwa serikali ilitaka kila mkusanyiko uwe na kibali, kamati iombe kibali cha mwaka mzima, ili asiwepo wa kuwauliza kwa nini watu tisa wamesimama mahali pamoja.

Yote haya yalikuwa mema, na ningekuwa mimi mzazi pale ningempigia makofi. Ubaya ulikuwa katika ile fomu. Shamsia aliinakili kutoka kwenye hati ya kiapo ya wakili wake, nayo hati ya kiapo huanza vile inavyoanza: mimi fulani, mwana wa fulani, mzaliwa wa wilaya fulani, mkaazi wa nyumba namba fulani, mwenye kazi fulani, naapa na kusema kama ifuatavyo. Ruhusa ya binti kurusha mpira haihitaji kujua baba yake alizaliwa wilaya gani. Hakuna aliyeyauliza hayo, si sajenti wala serikali. Lakini kwa Shamsia hati isiyoanza hivyo ilikuwa kama mtu aliyetoka nyumbani bila viatu.

Dawudi alikuwa wa mwisho kutia sahihi. Alikuwa Mwacholi, karani wa mabehewa Port Bell, mume wa Joska na baba wa Alal, yule mfungaji wao mrefu aliyekuwa hakosi goli. Nyavu za magoli alizisuka yeye, kwa kamba zilizotupwa bandarini. Alikaa mezani kwa Shamsia akaisoma fomu mstari kwa mstari, akacheka polepole.

"Mama Rehemah, hii ni ya netiboli ama ni ya kuoa? Hata bosi yangu hajui mimi hivi."

"Ni kwa usalama wetu, baba Alal."

"Sawa. Wewe ndio unajua," alisema, akatia sahihi nakala mbili. Shamsia akatia yake chini, kama shahidi.

Nakala moja aliifungia sandukuni, ya pili akaipeleka pamoja na za wenzake kwenye ofisi ya vibali mjini, na juu yake akabandika orodha safi ya wazazi wote, iliyopigwa kwa taipu, yenye majina, mahali pa kuzaliwa, nyumba na kazi. Orodha hiyo hakuombwa. Aliiongeza kwa kupenda kazi nzuri. Alipokuwa anashuka ngazi za ofisi akitazama kivuli cha kaboni alichobaki nacho, aliona amekosea mahali pamoja: Dawudi alikaa nyumba namba arobaini na moja, yeye kapiga kumi na nne. Alisita. Kupanda tena kungemaanisha kusubiri hadi jioni kwa ajili ya tarakimu mbili. Akajiambia si kitu, akaenda zake kununua vitunguu.

Mwaka sabini na saba ulianza vibaya, na kila aliyekuwapo anajua ulivyoanza. Waacholi na Walango, watu wa kaskazini walioshukiwa na serikali, walitoweka kazini, njiani, kanisani. Watu walijifunza kutouliza. Mwezi wa tatu, Alhamisi moja saa nane mchana, gari lisilo na namba lilisimama mtaani, na Dawudi, aliyekuwa nyumbani kwa homa, akatiwa ndani yake akiwa amevaa kandambili.

Jumamosi iliyofuata Kaltumi, jirani yao, aliwasimulia wenzake kiwanjani kwa sauti ya chini. Yeye ndiye aliyekaa namba kumi na nne.

"Walianza kwangu," alisema. "Wanapiga mlango, wanauliza, wapi baba ya Alal, karani ya Port Bell? Wako na karatasi. Nikawaambia, hapa si kwake, yeye ni arobaini na moja, kule kwa bomba ya maji. Kumbe nitafanya nini, banange? Bunduki iko kwa uso."

Wengine walimpa pole. Shamsia alifunga daftari lake. Dawudi alikuwa na kitambulisho, na kadi ya kazi, na leja ya kodi ya nyumba, na kote humo aliandikwa arobaini na moja. Duniani palikuwa na karatasi moja tu iliyomlaza namba kumi na nne. Aliijua kwa sababu aliipiga yeye, kwa vidole hivi hivi, akaacha kuisahihisha.

Hakumwambia mtu. Miezi minne alikaa na jambo hilo kifuani kama aliyemeza mfupa. Alimpelekea Joska unga, akamshonea Alal sketi, na usiku hakulala. Mchana ndio ulikuwa mbaya zaidi. Akikaa kwenye taipureta alisikia mtu nyuma yake akikohoa kidogo, kama Dawudi alivyokohoa kabla ya kusema. Akitandika meza ya watu wawili, yeye na Rehemah, alijikuta ameweka sahani tatu. Na Jumamosi, kiwanjani, hesabu ilizidi kwa mtu mmoja. Aliogopa, nami simlaumu. Lakini alichoogopa zaidi si kumwona Dawudi, ni kwamba siku moja Dawudi atamwuliza, kwa upole wake ule ule, kama hii ilikuwa ya netiboli.

Mwezi wa saba kibali kiliisha. Mashindano ya Kyambogo yalikuwa mwezi unaofuata, na Mzee Fadhul hakutaka kusikia habari ya kuacha.

"Chama ilikuwa na kibali halafu imeacha kuomba, wataisema inajificha," alisema. "Majina yetu yako kwao tayari. Nenda, Mama Rehemah."

Shamsia alikwenda Jumatatu. Ofisa alikuwa mpya, mnene, mwenye sauti ya kirafiki. Alifungua faili, akalipigapiga kwa kalamu.

"Mama, wewe ndio naandika hii?"

"Ndiyo, afande."

"Safi kabisa. Vyama ingine naleta takataka, jina moja tu, hakuna kwao, hakuna nyumba. Hii yako ilisaidia sisi sana. Leta mupya, namna hii hii. Ijumaa."

"Ahsante, afande," alisema Shamsia.

Alifika katikati ya ngazi kabla hajayasikia maneno yake mwenyewe. Alikuwa amemshukuru. Akaushika ukuta, na mwanamke aliyekuwa anapanda akamwuliza kama ana mimba.

Jioni ile alilifungua sanduku. Alizitoa fomu zote za ridhaa, nakala za orodha, kaboni, hata daftari la majeraha lenye sahihi za mashahidi, akaziteketeza kwenye jiko la makaa uani, moja moja, hadi ya mwisho. Alijiambia kwamba sasa angalau hakuna tena karatasi inayoweza kumfikia mtu kupitia kwake. Akaupepea moshi kwa ungo. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu alilala hadi alfajiri.

Kesho yake alikwenda namba arobaini na moja. Alikwisha amua: orodha ya Ijumaa haitakuwa na jina la Joska, wala la familia nyingine mbili za kaskazini, na ili waondoke salama ni lazima wajue kwa nini. Joska alikuwa anatwanga simsimu. Dada yake, Alanyo, alikuwa ameolewa Kisumu na alikwisha mtumia habari aje. Lakini Joska alikuwa haendi, na hakuna aliyeelewa anasubiri nini.

Shamsia hakuzunguka. Alimweleza yote, fomu, orodha, namba kumi na nne, ngazi za ofisi. Alisema, "Ni mimi, mama Alal. Mimi ndiye niliyewapa." Mchi ulisimama hewani, kisha ukashushwa taratibu ndani ya kinu.

"Ile fomu," Joska alisema mwishowe. "Alisaini?"

"Alisaini."

"Kwa mukono yake?"

"Kwa mkono wake. Mezani kwangu."

"Basi nipe." Joska alijifuta mikono kwenye nguo. "Port Bell wanasema hawajui mutu anaitwa hivo. Meza yake wamepa mutu ingine, kitabu ya mshahara wamekata jina. Polisi wananiambia, mama, nani anasema ulikuwa na bwana? Kitambulisho alikuwa nayo kwa mfuko. Cheti ya ndoa iko Kitgum na siwezi pita njia. Mimi nasubiri kitu moja tu, yenye inaonyesha huyu mutu alikuwa. Halafu nitaenda kwa Alanyo. Sitaenda kama malaya ana mtoto hana baba. Nipe hiyo karatasi, Mama Rehemah. Ya orodha tutaongea siku ingine."

Shamsia aliketi chini, kando ya kinu.

"Nimezichoma," alisema. "Jana. Zote."

Kuna makosa mtu huyafanya kwa uovu, na hayo yana toba yake. Haya ya Shamsia aliyafanya yote mawili kwa wema na kwa usafi wa kazi, na sijui toba yake hutafutwa wapi. Joska hakulia wala hakumtukana. Alimtazama tu kwa mshangao, kama vile Shamsia amemwua mumewe mara ya pili, mbele ya macho yake.

"Ingine iko kwao," Joska alisema.

"Joska, usiende kule. Nakuomba kwa jina la Mwenyezi Mungu. Mchukue Alal kesho, panda basi la Busia. Mimi Ijumaa sitakuandika."

"Umesikia nimesema nitaenda?" Joska alijibu, akaushika tena mchi.

Ijumaa Shamsia alipanda ngazi na orodha ya familia sita, zile nyingine mbili za kaskazini akiwa amekwisha kuzionya. Ilikuwa na majina na sahihi tu. Mahali pa kuzaliwa hapakuwapo, nyumba haikuwapo. Alikwisha jiandaa kusema kwamba utepe wa taipureta umeisha wino. Ofisa aliisoma bila haraka, kisha akaigeuza kuona kama kuna kitu nyuma.

"Jana mama moja alikuja hapa," alisema. "Mwacholi. Yeye nataka nakala ya karatasi ya bwana yake. Wewe naniambia, nani alimwambia iko hapa?"

Shamsia alitazama muhuri uliokuwa mezani.

"Yeye naitwa Joska. Kwa orodha ya mwaka jana yuko. Kwa hii hayuko." Alimtazama kwa ile sura ya kirafiki. "Ni mutu yako ama si mutu yako? Kama si mutu yako, mimi sina maneno na wewe. Kibali nagonga sasa hivi, nyinyi nacheza mpira. Yeye nabaki hapa na sisi, tunauliza yeye mambo."

Muhuri ulikuwa mkononi mwake tayari, umekwisha lowa wino. Shamsia aliwaza kwa uwazi uliomshangaza. Familia sita. Rehemah, miaka kumi na minne. Mzee Fadhul na shingo yake. Sheria zote alizozitunga, wawili au hakuna safari, breki zijaribiwe, zilikuwa za kuhakikisha kwamba siku itakapokuja, mtu ataweza kusema mimi simo. Siku ilikuwa imekuja. Alichotakiwa ni kusema tu kwamba si mtu wake, na nyuma yake, karibu kabisa na sikio, mtu alikohoa kidogo.

"Ni mtu wangu, afande," alisema. "Nilimsahau. Kosa ni langu, si la kamati."

Ofisa alionekana kufurahi. Alivuta karatasi kutoka kwenye mtoto wa meza. Ilisema kwamba mdhamini anamchukua Joska mikononi mwake. Kwamba Joska hatatoka Kampala. Kwamba akitoka, mdhamini ataletwa mahali pake na kujibu kwa mwili wake. Haikuwa na tarehe ya mwisho. Wakili wake wa zamani angeirudisha mezani kwa ncha ya kidole. Shamsia aliisoma mara mbili, akaielewa neno kwa neno, akatia sahihi.

Joska aliletwa kwa mlango wa nyuma, kilemba hana, jicho moja limefumba. Shamsia hakumpeleka Naguru. Alimpeleka moja kwa moja kwenye stendi ya mabasi, akamkatia tiketi ya Busia, akampa kilemba chake mwenyewe, kisha akamtuma mchuuzi wa njugu wanayemfahamu kwenda kumwita Alal shuleni. Alijua alichokuwa anakifanya. Wino wa sahihi yake ulikuwa haujakauka vizuri. Hofu alikuwa nayo, lakini ilikuwa hofu ya mtu mmoja tu, yake mwenyewe, na hiyo aliweza kuibeba.

Alal alikuja mbio na sare ya shule, hajui chochote. Joska alimpandisha kwanza, akamkalisha dirishani. Yeye alibaki mlangoni mwa basi, mguu mmoja kwenye ngazi.

"Walinionyesha," alimwambia Shamsia, bila kumtazama. "Walikataa kunipa, lakini mimi niliweka kidole juu. Ni mukono yake kabisa."

"Alhamdulillahi," Shamsia alinong'ona.

"Chini imeandikwa shahidi ni wewe." Sasa alimtazama, kwa lile jicho lililo wazi. "Mimi sijui kusamehe hii kitu, Mama Rehemah. Usiningojee. Lakini huyu mtoto atakua. Siku ataniuliza, baba alikuwa nani, na alienda namna gani, mimi sitamjibu. Nitamleta kwako. Wewe utamwambia yote, na hiyo namba ya nyumba pia."

Basi likaondoka. Wiki ya pili wale watu wakaja kumwuliza Shamsia mdhaminiwa wake yuko wapi, wakamweka mahabusu siku kumi na saba, akarudi kwa Rehemah na mkono wa kulia usiokunjika vidole. Ndugu zake wa Mombasa walimwandikia aondoke, na aliyeleta barua alikuwa na nafasi mbili garini. Hakuondoka. Vita vilipofika mwaka sabini na tisa na mizinga ikasikika hadi Naguru, majirani walifunga virago wakakimbilia vijijini, na Rehemah alimlilia mama yake waende nao. Shamsia alimtuma aende na Kaltumi. Yeye alibaki ndani ya nyumba ile, mlango haukutiwa komeo, kwa kuwa Alal alikuwa na miaka kumi na sita sasa, umri wa kuuliza, na nyumba nyingine ya Shamsia hakuijua.